Kura imeshaanza, mnabadilisha nini tena?

Mhariri, naomba kanafasi kadogo nitoe la moyoni. Kuna mradi wa programu huria (zile za kompyuta ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha) nachangia, juzi tulikuwa na kura, mimi nikaweka ndiyo yangu siku ya kwanza, siku ya tatu mwenye hoja akaingia akafuta "lazima" akaandika "ikiwezekana", eti marekebisho madogo tu. Madogo wapi! Hoja nzima ilikuwa imekalia hilo neno, na ndiyo yangu ikahesabiwa kwa kitu ambacho nisingekikubali hata kwa kulipwa.

Wenzetu wa Debian, mradi mwingine wa programu huria, wana katiba kabisa, marekebisho unaleta wakati wa majadiliano, mwisho wiki 3, na kama hoja ya mwenzio haijakaa sawa unaandika yako ukipata wa kukuunga mkono inaingia kura ileile, watu wanazipanga kwa namba kuanzia ile wanayoipenda zaidi, na kuna hadi chaguo la kuzikataa zote. Kura ikifunguliwa ndo basi.

Kosa la tahajia sawa, rekebisheni, ila ukigusa maana futa kura tuanze upya hata kama toleo jipya la programu litachelewa. Na mwenye hoja asiwe huyohuyo wa kuamua kipi kidogo, maana kwake kila kitu ni kidogo.

Msomaji wako wa siku nyingi