Nyaya za ndege ya mabawa mawili si pambo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo moja katika makala yenu kuhusu ndege kubwa za rimoti. Mwandishi aliisifu kwa haki Pitts, ndege ya sarakasi yenye mabawa mawili, moja juu na jingine chini, kisha akaeleza kwamba nyaya zinazopita kati ya bawa la juu na la chini ni za urembo tu. Kuna modeli ambazo maneno hayo ni kweli. Kuna nyingine ambazo mwenye kuyaamini atarudi nyumbani na vipande ndani ya gunia. Mjenzi ndiye anayeamua modeli yake iwe ya aina gani, na huamua kabla hajakata ubao wa kwanza.

Pitts ya kwanza iliruka Marekani mwaka 1944, kazi ya Curtis Pitts. Ilikuwa ndogo makusudi. Hata aina ya S-1S ya baadaye, kutoka ncha hadi ncha ya bawa, ni kama mita 5.3 tu, na ufupi huo ndio unaoifanya ibiringike upesi. Bawa la juu, la chini, nguzo ya nje inayoyaunganisha na nyaya za mshazari hufungana kama vyuma vya daraja, kila kimoja kikiwa chembamba lakini vyote kwa pamoja vikiwa imara. Mtu akitazama picha ya Little Stinker, Pitts aliyoirusha rubani wa sarakasi Betty Skelton, ataiona imetundikwa kichwa chini katika makumbusho ya Smithsonian huko Virginia. Katika mkao huo nyaya hubadilishana kazi. Ndege ikiruka kawaida, tumbo chini, mzigo hubebwa na nyaya za kuruka, zitokazo chini ya bodi na kupanda hadi bawa la juu penye nguzo. Ikipinduka na kusukumwa, mzigo huhamia nyaya za kutua, zinazoshuka kutoka juu karibu na bodi hadi bawa la chini. Ndege ya sarakasi hufanya yote mawili ndani ya sekunde chache, kwa hiyo hakuna seti ya kudharau.

Tuchukue modeli ya S-2, aina kubwa zaidi ya Pitts, iliyopunguzwa hadi theluthi moja. Mabawa yake yanafika mita 2.03, na ikiwa na injini ya petroli ya silinda mbili ya cc 100 na pangaboi la inchi 27 kwa 10, uzito huwa karibu kilo 12. Ukiivuta kwa nguvu mara nane ya uzito wake, mabawa yanabeba kilo 96. Tuseme kilo 20 za upande mmoja zinaishia kwenye nguzo ya nje. Waya uliolala digrii 30 kutoka usawa wa bawa hauvutwi kwa kilo 20. Unavutwa kwa kilo 40, na kadiri unavyolala zaidi ndivyo mvuto unavyopanda. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Zikiwa nyaya mbili sambamba, kama kwenye ndege yenyewe, kila mmoja unabeba 20. Waya wa chuma kisichoshika kutu, uliosukwa, wa milimita 1, hukatika ukikaribia kilo 60. Kwa hiyo waya wenyewe si tatizo. Vinavyoachia ni kishikizo chake na mbao iliyokishika.

Anayetaka nyaya za urembo basi aweke bomba la kaboni lenye kipenyo cha milimita 25 hadi 30 ndani ya kila bawa, nguzo fupi za juu ya bodi azifunge kwa bolti za M4, na nyaya ziwe za uzi wa mpira unaonyumbuka. Ni njia halali, na kwa anayeanza ndiyo ningempendekezea. Kibaya ni ile ya katikati: bawa limejengwa jepesi kwa kutegemea nyaya, halafu nyaya zimefungwa kwenye skrubu iliyozama katika balsa, mbao laini na nyepesi.

Kishikizo cha waya unaobeba mzigo kinahitaji kipande cha plaiwudi ya milimita 6 kilichogandishwa kwa epoksi kwenye boriti kuu na kwenye mbavu mbili, pamoja na nati ya meno upande wa ndani, iwekwe kabla bawa halijafunikwa. Sikio la chuma la milimita 1.5, yaani bamba lenye tundu linaloshika waya, likunjwe lielekee kule kule waya unakoelekea. Likitazama pembeni, kila mtetemo wa injini hulikunja na kulikunjua, na baada ya muda ufa huanzia kwenye tundu. Ufa huo hauonekani mpaka uondoe bolti.

Sasa kuhusu kupanga mabawa, sehemu ambayo makala haikuigusa kabisa. Weka bodi mezani na usawazishe mstari wake wa katikati kwa kipimo cha pembe kinachosoma sehemu ya kumi ya digrii. Mkia uwe sifuri. Bawa la chini lifuate, sifuri. Bawa la juu mwisho, nalo ulianzie sifuri. Injini itazame kulia digrii 2 hadi 3. Lakini tofauti ya juu na chini si kitu ukilinganisha na tofauti ya kulia na kushoto. Ukiacha nusu digrii kati ya pande mbili, rimoti itaisahihisha ndege ikienda kasi na utadhani umepona. Ikipunguza mwendo karibu na ardhi, upande wenye pembe kubwa huishiwa nguvu kwanza na bawa hilo huanguka. Usikubali zaidi ya robo digrii. Kisha pima kwa utepe kutoka ncha ya kila bawa hadi kitovu cha mkia. Bawa la juu la Pitts limepinda kwenda nyuma ilhali la chini limenyooka, kwa hiyo macho peke yake yatakudanganya.

Nyaya zifungwe baada ya hapo tu. Waya haunyooshi bawa lililopachikwa vibaya, unalipinda. Anza na nyaya za kutua, kulia na kushoto kwa zamu, mpaka ulegevu uishe, kisha nusu mzunguko wa kikaza, ile skrubu ya kukazia waya. Fuata na za kuruka kwa namna hiyo hiyo. Rudia kupima pembe kila baada ya waya mmoja. Nyaya zenye urefu sawa zikigongwa kwa kidole zitoe sauti moja. Sikio hugundua tofauti ambayo mkono haugundui. Anayekaza mpaka zilie kama zeze anazipinda nguzo na kuponda matundu ya bolti, na bawa linakuwa limebeba mzigo kabla halijaruka. Mahali nyaya za kuruka na za kutua zinapopishana, zifunge pamoja kwa kijiti chembamba kilichochongwa, kama ilivyo kwenye Pitts kamili. Bila hicho hutetema kwa upepo na kukatikia shingoni mwa kishikizo.

Kazi hii yote haina haja ya kurudiwa kila Jumapili uwanjani. Bawa la juu na la chini la upande mmoja yaache yameungana na nguzo na nyaya zake, uyasafirishe kama kifurushi kimoja, na utenganishe tu zile ncha zinazoingia kwenye bodi. Kila ncha ipewe namba kwa rangi.

Elironi, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoibiringisha ndege, ni nne. Sevo, mota ndogo inayosukuma elironi, ikiwa moja kwa kila upande, chini, basi kijiti kinachounganisha elironi mbili ndicho kinachoipeleka ya juu. Umbali kutoka bawaba hadi tundu la kijiti uwe uleule juu na chini, la sivyo elironi mbili zitafunguka kwa viwango tofauti. Uchezi wa milimita moja tu kwenye kifundo unatosha kuifanya elironi ya juu ipapatike ndege ikishuka kwa kasi, na elironi iliyoanza kupapatika hung'oa bawaba kabla hujapunguza moto wa injini. Sevo yenye nguvu ya kilo 20 au zaidi kwenye mkono wa sentimita moja inafaa, kila moja kwa bawa lake ikiwa mfuko unaruhusu.

Kitovu cha uzito huwasumbua wengi kwa sababu hawajui wapimie bawa lipi. Pima yote mawili. Tafuta robo ya kwanza, kutoka mbele, ya upana wa wastani wa kila bawa, uweke alama, halafu ugawe umbali kati ya alama hizo kwa uwiano wa maeneo ya mabawa. Bawa la juu likiwa na asilimia 60 ya eneo lote na alama yake ikiwa milimita 120 mbele ya ile ya chini, alama ya pamoja iko milimita 48 nyuma ya ile ya juu. Anzia hapo, huku tangi likiwa tupu.

Kwetu Nairobi kuna la ziada. Siku yenye joto la digrii 25, hewa ya hapa, kwa sababu ya mwinuko, ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ile ya Mombasa. Injini inapoteza nguvu kwa kiasi hicho, petroli inahitaji kupunguzwa kidogo kwenye sindano ya kabureta, na ndege inatua kwa mwendo wa asilimia 12 zaidi ingawa rubani haoni tofauti yoyote mkononi. Mabawa mawili na nyaya zake hukamata upepo mno, hivyo anayekata moto mapema hupokea jiwe. Aje na moto kiasi mpaka magurudumu yaguse. Pwani adui ni chumvi, hasa pale bolti ya chuma inapogusa alumini. Kuhusu eneo la kurushia na kibali, ziulizwe mamlaka za usafiri wa anga, KCAA hapa Kenya au TCAA kwa wenzetu wa Tanzania kabla ya kununua injini.

Baada ya kuruka mara ya kwanza, nyaya zote hulegea kidogo kwa kuwa mbao inajikalia. Zikazwe na kupimwa upya, halafu tena baada ya mara ya tatu. Ukikuta vumbi jeusi limezunguka tundu la bolti kwenye sikio lililotengenezwa kwa alumini badala ya chuma, hiyo si grisi wala moshi wa ekzosti. Ni alumini inasagika, na sikio hilo libadilishwe siku hiyohiyo.

Mjenzi wa ndege za modeli,
Nairobi