Kwaresima: tunafunga kwa ajili ya nani?

Mhariri,

Kwaresima, siku arobaini za mfungo kabla ya Pasaka, ikikaribia, sisi makatekista (walimu wa dini) huulizwa sana, "Tule nini?" Wanaouliza wanafunga kwa ajili ya nini ni wachache, na hapo ndipo mfungo wa wengi unapoharibika, hata kabla hawajapakwa majivu.

Sheria yenyewe ni fupi. Kwa Wakatoliki, siku za lazima za kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na zinamhusu mwenye miaka 18 hadi atakapotimiza 59. Unaruhusiwa mlo mmoja wa kushiba na vingine viwili vidogo ambavyo ukivijumlisha havifikii ule mmoja: asubuhi chai na kipande cha muhogo, mchana posho (ugali) na maharage, jioni kikombe cha uji. Kuacha nyama siku za Ijumaa kunaanzia miaka 14. Mgonjwa, mjamzito, mama anayenyonyesha na anayemeza dawa zinazotaka chakula hawabanwi kabisa, na wasione aibu kula.

Sasa nia. Wapo wanaofunga ili wapate viza, kazi au mchumba. Kumwomba Mungu haja zako ni haki yako, lakini njaa haigeuki kuwa malipo ya kumdai Mungu. Mtu wa namna hiyo asipopata alichoomba, ikifika wiki ya tatu anaacha mfungo na sala pia. Wapo wanaotaka kupungua unene. Hao waende kwa daktari. Wapo wanaoshinda njaa kutwa, kisha usiku wakala sahani mbili za matoke na mchuzi wa karanga. Wamehamisha saa ya kula tu. Na anayeacha nyama Ijumaa, akaagiza samaki ngege mzima wa kukaanga kwa bei inayozidi ya nyama, sheria ameishika, ila hajajinyima kitu. Somo la kwanza la Jumatano ya Majivu linatoka kwa nabii Yoeli: "Rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu." Nia ya kwanza ni toba. Kwa hiyo mfungo usiokufikisha kwenye kitubio (kuungama dhambi kwa padri), wala kwa jirani mliyenuniana naye, umebaki tumboni.

Nia ya pili ni maskini. Ijumaa inayofuata Majivu tunasomewa Isaya 58, pale Mungu anapoukataa mfungo wa watu wanaowanyanyasa wafanyakazi wao siku hiyohiyo wanayofunga. Petro Krisologo, askofu wa Ravenna katika karne ya 5, alifundisha kwamba sala hubisha hodi, mfungo hupata, na huruma hupokea. Ukivitenganisha vitatu hivyo, hutabaki na kitu. Kwa vitendo ni hesabu ndogo. Kama nyama ya nyumbani ingekula shilingi 18,000 na maharage yamekula 5,000, zile 13,000 si akiba yako. Ziweke kwenye kopo siku hiyohiyo, maana ukingoja mwisho wa Kwaresima utakuta zimeishia kwenye muda wa simu. Na kama una msichana wa kazi, usimfungishe kwa lazima ukasema ni sadaka ya nyumba nzima.

Nia ya tatu imesahaulika kuliko zote, nayo ndiyo inayotufanya tuandike. Tangu zamani Kwaresima ni safari ya mwisho ya wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kuelekea ubatizo usiku wa Mkesha wa Pasaka, na waamini hufunga pamoja nao ili wasitembee peke yao. Sisi wa Uganda tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Mei 1886, wakiwa wanakabiliwa na kifo, Karoli Lwanga, mmoja wa Mashahidi wa Uganda, aliwabatiza wakatekumeni waliokuwa pamoja naye, kijana Kizito akiwemo. Lakini leo kuna parokia ambako mkatekumeni anafika Mkesha wa Pasaka bila mtu hata mmoja kumjua kwa jina, zaidi ya mwalimu wake na msimamizi.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo: Jumapili ya kwanza ya Kwaresima someni majina ya wakatekumeni wenu, kisha kila nyumba ipewe jina moja, ifunge kwa ajili ya mtu huyo kila Ijumaa hadi Pasaka.

Makatekista,
Arua