Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: nauli nafuu ya ndege inaanzia kwenye taa za kiwanja

Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: OMBI LA KUREJESHA NAULI NAFUU ZA NDEGE MIKOANI

Mheshimiwa, pokea salamu kutoka Mbeya. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa watu wengi ambao hawatapata nafasi ya kukaa mbele yako: mama mwenye mgonjwa aliyepewa rufaa ya Muhimbili, mfanyabiashara wa mchele wa Kyela, mwanafunzi wa Songea anayesoma Mwanza, mtumishi wa umma aliyehamishiwa Kagera huku familia yake ikiwa Iringa. Wakiulizia tiketi ya ndege, wengi hukata tamaa hapohapo na kurudi stendi. Safari ya angani ya saa moja na kitu ndani ya nchi yetu wenyewe, kwenda na kurudi, inaweza kumeza mshahara wa mwezi mzima. Kwa basi, kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na mgonjwa hazihimili.

Tuliwahi kuonja hali nyingine. Tarehe 29 Novemba 2012 shirika la Fastjet lilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Mwanza, kwa ndege za Airbus A319 zenye viti 156. Nauli ya kuanzia ilitangazwa kuwa shilingi 32,000, kodi na tozo za kiwanja zikiwa pembeni. Aliyewahi kukata alilipa kidogo, aliyechelewa alilipa zaidi, na begi kubwa lilikuwa na bei yake. Chakula hukupewa bure. Watu waliuelewa utaratibu huo upesi kuliko wataalamu walivyotarajia. Tiketi zililipiwa kwa simu, M-Pesa au Tigo Pesa, bila kwenda kwa wakala. Mwaka uliofuata ndege hizo zikafika kiwanja cha Songwe, hapa kwetu Mbeya, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tukawaona wazee wetu wakipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwao. Ramani ikaendelea kutanuka: Johannesburg mwaka 2013, Lusaka, Harare na Entebbe mwaka 2014, na Nairobi mwanzoni mwa 2016.

Desemba 2018 hadithi hiyo ikaisha. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, iliipa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni, ndege zikasimama, na watu waliokuwa wameshakata tiketi za kwenda kula Krismasi nyumbani wakabaki wanadai fedha zao.

Tangu wakati huo nasikia watu, tena wakubwa, wakisema kwamba Fastjet ilituonyesha kuwa nauli nafuu haiwezekani Tanzania. Mheshimiwa, hitimisho hilo si sahihi, na kwa kuwa sera hujengwa juu ya mahitimisho kama hayo, naomba unisikilize.

Zipo sababu ambazo si za Wizara yako. Ndege zilikodiwa kwa dola na abiria walilipa kwa shilingi. Fastjet ilipoanza, dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,580. Ilipofunga ilikuwa karibu 2,300. Ndege yenye viti 156 nayo ilikuwa kubwa mno kwa baadhi ya njia, ndiyo maana baadaye walihamia kwenye Embraer 190, ambayo ni ndogo zaidi. Hayo ni mambo ya menejimenti na ya soko la fedha. Ila ipo sababu moja iliyo ardhini, kwenye viwanja vyetu, nayo haijadiliwi vya kutosha.

Shirika la nauli nafuu halipati faida kwa kumtoza abiria mmoja fedha nyingi. Linapata faida kwa kuifanya ndege ileile moja iruke mara nyingi kwa siku. Ni kama daladala: hesabu ya tajiri iko palepale, gari litembee au lilale, kwa hiyo dereva anayepiga tripu nyingi ndiye anayeweza kumudu nauli ya chini. Kodi ya ndege hulipwa hata ikiwa imeegeshwa. Bima hali kadhalika, na mishahara ya marubani pia.

Sasa tupige hesabu. Chukua kiwanja kilicho umbali wa saa moja na nusu kutoka Dar es Salaam. Kwenda saa moja na nusu, nusu saa ya kushusha na kupakia, kurudi saa moja na nusu, nusu saa nyingine ya kujiandaa: jumla saa nne. Ndege iondoke Dar saa 12 asubuhi. Mzunguko wa kwanza unaisha saa 4 asubuhi, wa pili saa 8 mchana, wa tatu saa 12 jioni, wa nne saa 4 usiku. Mizunguko minne. Lakini kama kiwanja cha huko hakina taa za kuongozea ndege, mzunguko wa nne haupo, kwa kuwa ndege itakayoondoka saa 12 jioni itafika giza limeshaingia. Inabaki mitatu. Gharama zote zisizobadilika za siku hiyo, zilizokuwa zigawanywe kwa mizunguko minne, sasa zinagawanywa kwa mitatu, na kila mzunguko unabeba mzigo uliozidi kwa theluthi moja. Hakuna ubunifu wa mauzo unaoweza kuifidia theluthi hiyo. Abiria ndiye anayeilipa.

Songwe ni mfano ulio wazi kabisa. Kiwanja kilifunguliwa mwishoni mwa 2012, kina barabara ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu, kinapokea ndege kubwa bila wasiwasi. Lakini kwa miaka mingi baada ya kufunguliwa hakikuwa na taa. Ndege ilipaswa kuja na kuondoka mchana. Ongeza ukungu wetu wa asubuhi, ambao mkazi yeyote wa Mbeya anaujua, na utaona jinsi saa za kazi zilivyobanwa pande zote mbili. Ukungu ukichelewesha safari ya asubuhi, kwenye kiwanja chenye taa safari zote zinasogea mbele. Kwenye kiwanja kisicho na taa safari ya mwisho inafutwa. Na safari iliyofutwa ina maana ya abiria wa kurudishiwa fedha au kulazwa hotelini. Miaka yote ya Fastjet hapa Mbeya ilipita katika hali hiyo.

Nashukuru kwamba Songwe imepata taa. Najua pia kazi ya kuboresha viwanja vya Tabora, Kigoma, Shinyanga na Sumbawanga ilichelewa kwa miaka kabla ya kuchangamka. Ninachokiomba ni mpangilio wa vipaumbele. Tunapenda sana jengo la abiria: lina vioo, lina jiwe la msingi, linapendeza kwenye picha. Jengo la tatu la abiria pale JNIA, kiwanja cha kimataifa cha Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, ni zuri, limejengwa kupokea abiria milioni 6 kwa mwaka, na sina neno nalo. Lakini huku mikoani abiria anaweza kusubiri chini ya bati bila shida kubwa. Rubani hawezi kutua gizani bila taa. Shilingi ya kwanza iende kwenye lami, ya pili kwenye taa na mitambo ya kuongozea ndege, na ya tatu kwenye matangi ya mafuta. Vioo vije baadaye.

Kuhusu mafuta nitasema kwa kifupi. Viwanja vyetu vingi vya mikoani havina mafuta ya ndege, hivyo ndege hutoka Dar es Salaam imebeba mafuta ya kwenda na ya kurudi. Mafuta ni uzito. Uzito huo huchukua nafasi ya abiria au mizigo, na barabara ya kurukia ikiwa fupi au mahali pakiwa na mwinuko mkubwa, viti kadhaa vinaachwa wazi makusudi. Kwa shirika linaloishi kwa kujaza viti, hilo ni jeraha.

Jambo la pili ni ramani yenyewe. Mtu wa Mbeya akitaka kwenda Mwanza kwa ndege, anapelekwa kwanza Dar es Salaam, ufukweni kabisa mwa nchi, halafu anarudishwa kaskazini magharibi. Analipa vipande viwili, na muunganiko ukiwa mbaya analala Dar. Kijiografia ni kichekesho, kiuchumi ni hasara. Kati ya Mbeya na Mwanza zipo Tabora na Shinyanga, miji yenye watu na biashara. Kuna mchele, kuna dhahabu, kuna samaki wa ziwa, kuna vyuo. Ndege ya viti sabini na kitu, inayotoka Songwe asubuhi, ikagusa Tabora na kufika Mwanza, ingepata abiria kama nauli ingekuwa ya kibinadamu. Mtwara, Songea na Songwe ni mstari mwingine wa aina hiyo.

Na wakati wa kufanya hivyo ni sasa, kwa sababu ya reli. Tangu treni ya reli ya kisasa, SGR, ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, mwananchi anafika makao makuu kwa shilingi 31,000 katika daraja la kawaida. Hilo ni jambo la kujivunia. Maana yake kwa usafiri wa anga ni kwamba ndege zilizokuwa zikipigania abiria wa Dar na Dodoma zinaweza kupelekwa kule ambako reli ya kisasa haijafika na haitafika karibuni. Reli imetuachia nafasi ya kufikiri upya. Tusiipoteze kwa kuendelea kurundika safari kwenye njia zilezile.

Najua utaniambia tunalo shirika letu. Air Tanzania ni yetu na naipenda. Nilifurahi kama Watanzania wengine zilipokuja Bombardier Q400, ndege za mapanga za viti sabini na kitu, mwaka 2016. Lakini taarifa za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, tunazisoma: hasara ya shilingi bilioni 56.6 mwaka wa fedha 2022/23, kisha bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Sehemu ya tatizo ilitoka nje kabisa, injini za Airbus A220 zilisumbua mashirika mengi duniani na ndege zetu zikakaa chini. Hata hivyo, shirika moja haliwezi kushindana kwenye safari ndefu za nje kwa ndege kubwa za Dreamliner, kubeba mizigo, kulinda heshima ya taifa, na wakati huohuo kumsafirisha mama wa Tukuyu kwa nauli ya chini kabisa. Kazi hizo zinataka akili tofauti na vitabu vya hesabu tofauti.

Majirani zetu walilitambua hilo mapema. Aprili 2014 Kenya Airways ilizindua kampuni tanzu yake ya nauli nafuu, Jambojet, ikianza na Mombasa, Kisumu na Eldoret kwa nauli ya kuanzia shilingi za Kenya 2,850. Baadaye ikaweka nguvu kwenye aina moja ya ndege, hiyohiyo Q400 tuliyonayo sisi, na kwa ndege hiyo ikafika Malindi, Ukunda na Lamu, viwanja vidogo vya pwani. Tangu 2024 inaruka kati ya Mombasa na Zanzibar. Mzanzibari mwenye shughuli Mombasa sasa anahudumiwa na shirika la nauli nafuu la Kenya. Silisemi kwa wivu. Nalisema kwa sababu ndege hizo tunazo, marubani wake tunao, na uzoefu wa 2012 hadi 2018 tunao.

Kwa hiyo ziko njia mbili, Mheshimiwa. Serikali inaweza kuzitenga Q400 za Air Tanzania katika kampuni tanzu yenye hesabu zake, bodi yake na kazi moja tu ya kuunganisha mikoa kwa nauli nafuu. Au inaweza kumkaribisha mwekezaji binafsi na kumhakikishia kwa maandishi kwamba ratiba, maegesho na tozo vitagawanywa kwa haki kati yake na shirika la umma. Mimi naegemea njia ya pili, kwa kuwa nimeona ushindani unavyofanya kazi. Lakini hata ya kwanza ni bora kuliko tulipo leo.

Usalama sitauacha kwenye barua hii hata kidogo. Tarehe 6 Novemba 2022 tulipoteza watu 19 pale Bukoba, ndege ilipoangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na kiwanja. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaingiza mashirika yote yenye cheti cha Tanzania kwenye orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake, kwa sababu ya mapungufu ya usimamizi. Nauli nafuu haina maana ya matengenezo nafuu. Inadai TCAA yenye wakaguzi wa kutosha, wanaolipwa vizuri, wasioogopa kuizuia ndege isiruke, iwe ya mtu binafsi au ya Serikali. Na inadai kwamba Bukoba, ambako kiwanja kipya cha Omukajunguti kimezungumzwa kwa miaka mingi, papewe jibu la ndiyo au hapana ili watu wa Kagera wajue wanasubiri nini.

Ombi langu ni hili. Kabla ya kusoma bajeti ijayo ya Wizara, itangazwe hadharani hali ya kila kiwanja cha mkoa: urefu wa barabara ya kurukia, taa zipo au hazipo, mafuta yapo au hayapo, kinafungwa saa ngapi, na kila pengo litazibwa mwezi gani wa mwaka gani. Taarifa hiyo iwekwe mahali ambapo mwekezaji wa ndege anaweza kuisoma akiwa popote na kupiga hesabu zake, na mwananchi wa Sumbawanga au Musoma anaweza kuisoma na kumuuliza mbunge wake. Pamoja nayo, tozo za kutua na kuegesha ndege kwenye viwanja hivyo zipunguzwe kwa miaka mitatu ya mwanzo ya kila njia mpya isiyopita Dar es Salaam.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfanyabiashara na mkazi wa Mbeya