Yule mbwa wa vidole sita sio kilema

Mhariri, habari za kazi. Mi msomaji wenu wa huku Mikindani, Mtwara, na leo nimeshindwa kukaa kimya. Juzi mmeweka picha ya kile kimbwa cha rangi ya kutu chenye vidole vingi, chini mkaandika "mbwa kilema". Hapa kijiweni watu wamecheka wee, mmoja akaapa kabisa kwamba picha imechezewa na kompyuta. Jamani, yule ni Lundehund wa Norwe, kila mguu una vidole sita au zaidi, ndo walivyo toka enzi.

Namjua maana kipindi kile cha gesi nilikuwa namwendesha mzungu mmoja wa huko, tukisubiri pantoni ya Msangamkuu anatoa simu ananionesha mbwa wa mama yake. Kilo sita saba hivi, gotini kwangu hafiki, masikio yamesimama kama ya mbweha. Alafu anapindua kichwa nyuma mpaka utosi unagusa mgongo, na masikio anayakunja yanaziba kabisa! Nikamuuliza sasa yote hayo ya nini? Akasema ya kazi. Huko kisiwa cha Værøy, kijiji cha Måstad, walikuwa wanakula ndege wa baharini anaitwa lunde, anataga kwenye mashimo ya miamba, kwa hiyo mbwa anakwea jabali, anajipenyeza shimoni anamtoa ndege, bila vile vidole si angeteleza mpaka baharini.

Kilichowaponza nyavu. Karne ya 19 watu wakaanza kunasa lunde kwa nyavu, mbwa akaonekana anakula bure, na kodi ya mbwa juu yake, wengi wakaachana nao, Måstad ndo wakabaki nao maana kijiji chenyewe kilikuwa mafichoni. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia ikaingia distempa, sio kichaa cha mbwa, huu ugonjwa mwingine, ikafyeka. Bahati mama mmoja, Eleanor Christie, alishachukua wachache kwake bara, mbegu ikapona, ila miaka ya 1960 wakashuka tena wakabaki sita. Sita, mhariri! Mpaka leo wote ukoo mmoja na matumbo yanawasumbua kweli.

Hapo kwenye nyavu mi nilimcheka yule mzungu. Babu yangu kule Newala alikuwa na wavu na mbwa, vyote. Wavu unatandwa pembeni ya mikorosho, mbwa na njuga yake shingoni anaingia kichakani, unasikia tu cheng cheng cheng, ndezi anakurupuka anaenda kujitia wavuni mwenyewe. Sikio moja lilichanika, wapita njia wanamwita koko, na siku ya nyama hao hao ndo wa kwanza kuja na sahani.

Basi rekebisheni yale maandishi. Na mkija kupiga picha mbwa wa wawindaji huku kwetu msiandike koko, ulizeni jina. Wa babu aliitwa Taabu.