Mgeni wa mji anahitaji pa kukaa bila kufukuzwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila mkiandika habari za wahamiaji ni vibali, ajira na nani kaja kuchukua nini, lakini sioni mkigusa huyu mtu anaujuaje mji wenyewe, anapita wapi, anakaa wapi, na lini anaacha kuuogopa.

Aliyehamia mji mpya mwanzoni hana mji, ana njia mbili tatu tu, kutoka anapolala kwenda kibaruani na kurudi, kwingine kote hakujui. Mwaka 1960 Kevin Lynch, msomi wa mipango miji wa Marekani, alieleza jinsi wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles walivyochora mji wao kutoka kichwani, akaona watu wanaushika mji kwa njia, mipaka, mitaa, makutano na alama kama mnara. Na hao walikuwa wenyeji! Sasa mgeni ambaye hata kibao cha mtaa hakisomi kwa sababu lugha si yake, anashika alama zake mwenyewe, ukuta wa rangi fulani, mti wa kona, na siku wakibomoa ule ukuta anapotea kweli jamani, wala si uzembe.

Halafu watu wanalalamika eti wahamiaji wanajazana mtaa mmoja. Mi naona tunawaonea. Tangu 1925 Ernest Burgess, msomi wa masuala ya jamii wa Marekani, alishaandika kuhusu mji wa Chicago kwamba wageni huanzia karibu na katikati ya mji, kwenye nyumba kuukuu, wakipata nguvu wanasogea nje. Kwenye mtaa ule ndo kuna mtu wa kumuuliza njia bila kuona aibu, na ndo mtu anapata ujasiri wa kwenda mbali.

Kinachoniuma zaidi ni mabenchi. Miji inayoyaondoa, au inayoweka vyuma katikati ili mtu asilale, inamfukuza na mgeni pia, maana chumbani wamebanana watu kibao na pa kupumzikia bila kununua kitu ni hapo nje tu, na hapo nje nako mlinzi anakuja kukuuliza unamsubiri nani. Ukiulizwa hivyo mara kadhaa hutarudi tena.

Wapangaji wa miji wawape wahamiaji karatasi wachore mji wanavyoujua, kabla ya kuchora ramani zao wenyewe. Na wewe mhariri, mtume mwandishi mmoja atembee nao siku nzima, aandike wanapopita na wanapokwepa.

Msomaji wenu