Baraji sio kila mzinga unaolia

Mhariri, salaam kutoka Moshi. Naomba kanafasi niongelee hili neno baraji, maana siku hizi kila habari ya vita lazima liwemo, mji umepigwa makombora matatu manne mtangazaji anasema baraji, watu wameangukiwa na mabomu wamelala zao nayo baraji, mi naona hapana jamani, tukilitumia ovyo msomaji hajui tena nani kapigwa na kwanini.

Neno limetoka Ufaransa, kule maana yake ni kizuizi, hata bwawa la kuzibia mto wanaliita hivyo hivyo. Vita Kuu ya Kwanza wanajeshi wakalichukua kwa maana hiyo hiyo, mizinga mingi inapangwa pamoja inapiga kwenye mstari mmoja ili adui asipite na wenzake wasiweze kuja kumsaidia. Shabaha ni ile njia, sio nyumba ya mtu. Halafu mwaka 1916 Waingereza wakawa wanautembeza huo mstari wa makombora kama ukuta, unasogea mbele kama mita 90 kila baada ya dakika chache na askari wa miguu wako nyuma yake karibu kabisa, ukichelewa unakuta adui keshatoka handakini anakusubiri na bombomu, ukiwahi sana unamalizwa na mizinga ya kwenu wenyewe, ndo maana kila kitu kilienda kwa saa na ratiba.

Sasa linganisha na kule Somme, Ufaransa. Kabla ya tarehe 1 Julai 1916 Waingereza walipiga wiki nzima, makombora zaidi ya milioni 1.5, lengo likiwa kubomoa mahandaki na kukata seng'enge. Sehemu nyingi seng'enge haikukatika, Wajerumani wakatoka chini wazima, na siku hiyo moja Waingereza zaidi ya 57,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Upigaji ule wa wiki nzima ulikuwa ubomoaji, huwezi kuuchanganya na ukuta unaotembea.

Na tusiende mbali, hapo Kahe tu, jirani na Moshi, Machi 1916, Wajerumani walikuwa na mzinga uliotolewa kwenye meli yao ya Königsberg iliyozamia delta ya Rufiji Julai 1915, mdomo wake sentimita 10.5, wakawapiga nao majeshi ya Waingereza na Makaburu, walipoona wanazidiwa wakaulipua wenyewe wakarudi nyuma. Mzinga ule ulitisha sana lakini mmoja haujengi ukuta, kwahiyo hata pale ukiandika baraji unakosea.

Kiswahili hakijakosa maneno. Waliopigana vita ya Kagera 1978 na 1979 walisema mizinga na tukawaelewa, na yale maroketi ya Katyusha Waganda wengi mpaka leo wanayaita saba saba. Mji ukishambuliwa semeni umepigwa mizinga, inatosha, na kama nani kapiga mnamjua mwandikeni, na ikiwa ni baraji kweli ya uwanja wa vita tuiite ukuta wa mizinga, hata bibi yangu ataelewa.

Mkipata nafasi tuandikieni pia ukurasa mzima wa Kahe, vijana wetu wanapita pale kila siku na hakuna aliyewaambia.

Msomaji wenu, Moshi