Ramani ya pwani haitupashi joto: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Mbeya

Ndugu Mkurugenzi,

Sijui umri wako. Kama umenizidi, shikamoo; kama nimekuzidi, basi nimeshaipokea. Mimi ni fundi mwashi wa Ilemi, na mwiko nimeushika miaka ishirini na mbili. Nakuandikia kuhusu nyumba ndogo za watu wa kipato kidogo, zile ambazo kila bajeti zinatajwa kwa jina la gharama nafuu.

Nianze na kosa langu. Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, niliitwa alfajiri kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe, vyumba sita vya kupangisha, milango inatazama uwani. Mpangaji mmoja, mama mwenye mtoto mchanga, alikuwa ameingiza jiko la mkaa chumbani usiku, akafunga dirisha na kuziba kwa matambara ule upenyo kati ya ukuta na bati. Majirani waliwatoa wakawalaza uwani, hawajitambui. Mungu saidia, jua lilipotoka walikuwa wameshazinduka. Mimi nikaingia chumbani kuangalia. Bati lilikuwa linatoa jasho, tone moja moja linaangukia godoro. Silingi hakuna. Dirisha kubwa upande wa kusini, na juu yake matundu ya hewa manne, yote nimeyaacha mimi kwa sababu ramani ilisema hivyo.

Ramani yenyewe mwenye nyumba aliinunua ikiwa tayari, imechorwa kwa ajili ya Dar. Madirisha yanapishana ili upepo upite. Upite kwenda wapi, Ndugu Mkurugenzi, Mbeya, mwezi wa saba? Tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Mtu wa Temeke anajenga ili joto litoke. Sisi tunatakiwa tujenge ili lile dogo tulilopata mchana lisitukimbie usiku. Wenye pesa wanajitibu kwa silingi, zulia na hita. Mpangaji wa Mabatini au Sinde dawa yake ni jiko la mkaa, na ile hewa ya mkaa haina harufu ya kumwamsha.

Ndiyo maana nasema kwamba kwa hali ya hewa yetu nyumba ndogo iliyoshikana na mwenzake ndiyo nyumba bora, wala si ya kuonewa huruma. Chukua nyumba nne, kila moja upana mita 4, kina mita 6. Ukizijenga mbalimbali, unainua mita 80 za ukuta wa nje. Ukiziunganisha ubavu kwa ubavu, ukuta wa kujenga unashuka hadi mita 62, na katika hizo unaopigwa na baridi ni mita 44 tu, kwa sababu kuta tatu za katikati zina watu pande zote mbili. Mita 18 za ukuta umeokoa, na msingi wake, na lenta yake. Pesa hiyo iende kwenye silingi. Nikiambiwa nichague kati ya plasta ya nje na silingi, nachagua silingi bila kufikiri mara mbili, na plasta ingoje hata miaka mitano.

Safu hiyo ilale mashariki kwenda magharibi. Mwezi wa sita na wa saba jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo vyumba vya kulala viwe huko, na madirisha makubwa yawe huko. Kusini, unakotoka ule upepo wa baridi, weka choo na jiko lenye bomba la moshi, dirisha dogo linatosha. Hili halina gharama yoyote, ni kugeuza karatasi tu. Ila ugeuze kabla kiwanja hakijapimwa, maana kiwanja kikishakaa vibaya hata fundi bingwa hana la kufanya.

Najua watakuambia watu hawataki kushikana, kelele. Ni kweli, na kosa ni letu mafundi. Katika nyumba nyingi za kupangisha ukuta wa katikati tunaukomesha usawa wa lenta, juu wazi hadi bati. Jirani akikoroma unahesabu. Ukuta ufike hadi kwenye bati na uzibwe vizuri. Unazuia kelele na, siku ya ajali, unachelewesha moto.

Kuhusu tofali sitasema mengi. Tofali letu la kuchoma ni zuri, lakini tanuru linakula mikaratusi, na pumba za mpunga wa Usangu zimesaidia kiasi tu. Tofali za kufungamana, za udongo na saruji kidogo, zinashindiliwa kwa mashine ya mkono, hazichomwi, na ukuta wake hautaki udongo wa kujengea kila kozi, yaani kila mstari wa tofali. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi wamezihubiri kwa miaka. Kule Chamazi, Dar es Salaam, kaya zilizopisha upanuzi wa bandari Kurasini zilijichanga zikanunua ekari 30 na kujengea tofali hizo. Maskini wakipewa njia hujenga. Hata maji: bati la safu ya nyumba nne ni kama mita 100 za mraba, na kila milimita ya mvua juu yake ni lita 100. Mvua moja nzuri ya Machi inajaza simtanki, ukiacha kidogo kinachopotea kwenye gata.

Sasa ombi. Chora ramani mbili au tatu za safu kama hii, zipitishwe na Jiji mara moja, kisha ziuzwe kwa bei ya fotokopi kwa yeyote anayeomba kibali. Chuo chetu cha Sayansi na Teknolojia hapa hapa Mbeya kinafundisha usanifu wa majengo; wape wanafunzi kazi, na wapime baridi ndani kwa kipimajoto, usiku, mwezi wa saba. Pili, wanne wanaochangia kiwanja kimoja waelekezwe jinsi ya kupata kila mmoja hati yake. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ipo tangu 2008, lakini uliza mafundi kumi pale Kabwe kama wameshaisikia.

Na tafadhali viwanja hivyo viwe tambarare. Aprili 2024 tope la mlima Kawetere liliposhuka Itezi, sote tuliona. Watu hawapandi milimani kwa kupenda mandhari; huko ndiko kiwanja kinakolingana na mfuko wao. Safu za nyumba zilizoshikana zinaingiza familia nyingi kwenye eka moja ya bondeni, karibu na daladala.

Mchoro wangu nimeuchora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, upande usio na maandishi. Nitauacha masjala kwenu Jumatatu. Vipimo ni vya mita. Pale nilipofuta ni ngazi, nilikuwa nimeisahau.

Ndaga fijo, asante sana.

Fundi mwashi, Ilemi, Mbeya